Matete ya Mpakani

Juzi jirani yangu wa juu alimaliza kusakafia uwanja wake wote, na maji ya mvua ya kwanza yakaniingilia mpaka sebuleni. Harufu ya lile tope ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni, hapa hapa mlimani Iringa.

Mama alikuwa akipanda matete mpakani, chini ya uwanja wa mke wa karani wa Boma. Mwanamke yule alifagia uwanja wake mpaka udongo ukang'aa, na jani likichungulia tu alilinyofoa. Mvua iliyotangulia ilikuwa imetubomolea ukuta wa jiko. Siku hiyo mwanamke yule alisimama juu yetu na fagio lake.

"Mama Anna, unafuga nyoka?"

"Nafuga maji yako," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Kila mvua unanimwagia mimi."

"Mvua ni ya Mungu."

"Na uwanja je?"

Kwa akili yangu ya kitoto niliamini mama anapanda ukuta ili asiuone tena uso ule. Nikashindilia udongo kwa furaha, maana hata mimi nilimchukia. Mvua iliporudi, maji yalishuka mekundu yakinguruma, yakafika kwenye matete, yakanywea. Maboga yetu yakanywa taratibu. Ndipo nikajua kumbe matete yalikuwa ya kuzuia maji.

Jana nilikuwa nachimba mashimo ya matete mpakani, jirani akachungulia.

"Kamwene, bibi. Matete hayo ni ya kuzuia maji?"

"Na maji pia," nikamjibu.