Darakasi Simu Haishiki

Kismayu simu yashika hata ukiwa msalani. Minara imesimama kila mtaa, kampuni zagombania wateja kana kwamba watu hawana shida nyingine. Ukivuka maji kwenda kisiwa cha Darakasi, simu hiyo hiyo yageuka tochi. Vita vimepita kule na kurudi miaka ishirini na zaidi, na hakuna tajiri aliyeona wavuvi wale wastahili mnara. Ndiyo maana Kaltuma, mzaliwa wa Darakasi, alikuwa akijibana Kismayu kwa dada yake, na mumewe Gharibu kabaki kisiwani.

Alikuwa akingoja simu ya mwanawe. Shihab aliwakimbia wanamgambo waliokuwa wakichukua vijana, akashika njia ya Libya, na huko akanyang'anywa kila kitu. Namba aliyokuwa nayo kichwani ni moja tu, ya mamake. Akipata simu ya kuazima, hupiga. Kaltuma akilala, simu i kifuani. Akioga, ameitundika mlangoni. Watu wakamcheka kwamba ameolewa mara ya pili, naye hakujali.

Siku moja mvuvi akaleta habari kwamba Gharibu yu hali mbaya. Kaltuma alimwachia simu Fathiya, binti wa dada yake, akaenda kumuuguza mumewe kwa siku chache. Gharibu akamfia mikononi. Basi akakalia eda pale pale, miezi minne na siku kumi, katika nyumba ya marehemu. Alimpelekea Fathiya neno moja: Shihab asiambiwe kuwa babake amekufa. Atamwambia yeye mwenyewe, kwa kinywa chake.

Shihab akapiga. Fathiya akamjibu kwamba mama yuko Darakasi, na huko simu haishiki. Ilikuwa kweli tupu. Lakini tangu vita vitutawanye, sisi hatumpi habari ya msiba kwa simu mtu aliye ugenini peke yake. Humwambia mzee wake ameenda kisiwani, hakuna mtandao. Kaltuma mwenyewe ndivyo alivyomficha Shihab kifo cha nyanyake, naye akaja kujua baadaye.

Shihab akauliza ameondoka lini. Fathiya akasema yapata miezi miwili.

"Mama hawezi kuiacha simu hii miezi miwili. Nambia kweli, Fathiya. Mchu hafichwi kifo cha mamake."

Fathiya akaapa kuwa mama ni mzima, lakini machozi ya kumlilia Gharibu yalikuwa yamemkaba, na kilio hakifichiki. Shihab akasema inna lillahi, akakata. Fathiya aliipiga namba ile tena na tena mpaka ikazimwa.

Eda ilipokwisha Kaltuma akarudi Kismayu, akaambiwa yote. Hakumlaumu binti wa watu. Alikaa na simu mkononi, mtandao umejaa tele, mwezi ukaingia mwezi ukatoka, Shihab asipige. Moyo wake ukaingia giza kabisa.

Mwishowe simu ikalia. Alikuwa Sabir, kijana mwenzetu aliyekwisha kufika Ulaya. Alikuwa pamoja na Shihab kule Libya, na namba alipewa na yeye. Alipiga kuwapa jamaa pole kwa kifo cha Kaltuma. Shihab alimsomea mamake hitima, akasema hana tena wa kumpigia, akaondoka kule akifuatana na watu wengine. Kisha Sabir akauliza anazungumza na nani.

"Mimi ndiye mamake," akasema Kaltuma. "Niko Kismayu, simu yashika. Mwambie apige."

Sabir akamjibu kwamba hajui Shihab aliko.