Miguu ya Mtu wa Gunia

Siku ile ya gunia naikumbuka, mwanangu, na nikiitaja tu mwili unanisisimka. Sikuwa na nia ya kuitaja leo. Ni wewe umenichokoza. Umekuja kuniaga vizuri, umekunywa uji wangu wa wimbi, halafu ukatoa simu na kunisomea habari za nchi hiyo ya Karibiani wanakokupeleka na polisi wenzako kulinda, eti nijue unakwenda mahali pa maana. Ukanisomea wizara yao ya ulinzi jinsi ilivyoanzishwa, waziri huyu akaja, yule akaondolewa, wanajeshi wakampindua mkubwa wao, jeshi likavunjwa, wizara ikafungwa, kisha ikafunguliwa tena na kuwekwa mtu mwingine. Ukacheka. Ukasema, "Nyanya, hawa watu wanabadilisha mawaziri kama soksi!"

Mimi sikucheka. Tena ukatoa kwenye begi kile kitambaa cheusi cha kufunika uso, ukakivaa ili unionyeshe, nikaona macho mawili tu yananitazama. Uliniuliza mbona nimeweka kikombe chini. Basi zima hiyo simu, Muthomi, unisikilize.

Wizara hiyo unayoisoma mimi nimeiona. Ilikuwa hapa hapa, kwenye mteremko ule wa kahawa ukielekea Githongo, wakati wa Hali ya Hatari, wazungu wakiwawinda wapiganaji wetu wa msituni. Haikuwa na jengo. Ilikuwa na handaki refu la kuzunguka kijiji kizima, lililojazwa mianzi iliyochongwa ncha, na daraja la mbao la kuinua kwa kamba, na mnara wa miti. Serikali ya wazungu ilituhamisha kwenye mashamba yetu, ikatufungia mle ndani nyumba kwa nyumba, ikasema ni kwa ulinzi wetu. Na handaki la kutulinda tulilichimba sisi wanawake, wengine wakiwa na watoto wachanga mgongoni. Mimi nilikuwa bibi harusi, sijamaliza hata mwaka kwa babu yako.

Na sisi tulibadilishiwa wakubwa, usidhani ni hao tu. Mkubwa wa kwanza wa walinzi wetu, wale tuliowaita homgadi, alikuwa seremala anaitwa M'Ruteere. Alizaliwa kule chini Tharaka, akaja kutafuta kazi ujana wake, akabaki. Kila nyumba ya maana ilikuwa na mlango wa M'Ruteere. Alikuwa mtu wa utani, na alikuwa na kidole gumba cha mguu wa kushoto kilichopasuliwa katikati na tezo, kikapona vibaya, kikawa kama vidole viwili. Watoto walikuwa wanamwomba awaonyeshe. Jioni hakuinua daraja mpaka ahakikishe mwanamke wa mwisho ametoka mtoni. Alisimama pale akiita, "Harakisheni, mama zangu, msinitie matatani!"

Akatiwa matatani kweli. Siku moja aliamriwa achome nyumba ya mjane, akasema hajui kuchoma, anajua kujenga tu. Wakampandisha lori, wakasema anakwenda kuhojiwa, na hakurudi. Tukasema basi, M'Ruteere ameshakwisha.

Akaletwa wa pili, mzee mmoja aliyepigana vita vya ng'ambo, na koti lake la medali. Huyo hakukaa. Pombe ilimshinda, wakamkuta amelala mnarani, wakamfukuza. Ndipo akaja wa tatu, mtu wa mbali kidogo, tulimwita Filimbi kwa kuwa filimbi haikutoka mdomoni. Mwanangu, huyo ndiye aliyetuonyesha hofu. Na nikuambie kitu, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwoga kuliko sote. Aliona waliomtangulia walivyoondolewa. Kila siku afisa mzungu akija humuuliza amekamata nani, na Filimbi akikosa jina la kusema, jasho linamtoka hata kwenye baridi. Basi akawa anatafuta watu wa kumpa mzungu ili yeye abaki kwenye kiti. Daraja likawa linainuliwa jua likiwa bado juu. Ukicheka, unacheka nini? Ukinyamaza, unaficha nini? Tulifika mahali pa kuogopa hata kukohoa.

Babu yako alikuwa fundi wa kushona pale Nkubu, kijana mpole, lakini mdomo wake haukuwa na kufuli. Asubuhi moja alimwona mwanamke mwenye mimba kubwa anashushwa handakini na jembe, akamwambia Filimbi mbele ya watu, "Mzee, na huyu naye?" Maneno hayo tu. Filimbi alimtazama, akatabasamu, akaendelea na safari yake. Lile tabasamu lilininyima usingizi. Nilijua wataniachia nyumba tupu.

Haikuchukua muda. Filimbi ikalia asubuhi, tukaambiwa wote tutoke uwanjani. Wanaume wakapangwa mstari mmoja, sisi wanawake tukaketishwa upande. Afisa mzungu akakaa kwenye meza. Halafu kikatoka kitu nyuma ya lori, kikiongozwa kwa mkono. Mtu amevikwa gunia kuanzia kichwani mpaka magotini, na matundu mawili ya macho. Ai, mwanangu! Nimeona chui msituni, sikuogopa vile. Chui ana uso. Kile kitu kiliwekwa kando ya meza, na wanaume wakawa wanapita mbele yake mmoja mmoja. Gunia likitikisa kichwa kukataa, mtu anakwenda zake. Gunia likiinamisha kichwa, mtu ametajwa kuwa wa msituni, anapandishwa lori. Huulizwi, hujitetei. Kuna mama alianguka pale pale mwanawe alipoinamishiwa kichwa, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mama mkwe wangu, Nkirote. Mwanamke mfupi, mkali, ulimi kama wembe. Ndiye aliyeniachia huu wangu. Yeye hakuwa analitazama gunia. Alikuwa anamtazama Filimbi. Akaninong'oneza, "Angalia fimbo yake." Nikaangalia. Filimbi alikuwa amesimama na kijifimbo, na kila alipomtaka mtu, alijigonga nacho kwenye buti, taratibu, ta ta. Gunia likasikia, likainamisha kichwa. Asipogonga, gunia lilikataa. Maana yake mtu wa gunia hakuwa anatambua mtu yeyote. Alikuwa anaambiwa.

Ndipo nikateremsha macho, sijui kwa nini, labda sikutaka kuona zaidi. Nikaiona miguu iliyotoka chini ya gunia. Peku. Na kidole gumba cha kushoto kimegawanyika katikati.

Nilifungua mdomo nipige yowe, "Ni M'Ruteere!" Mungu wangu, hasira niliyokuwa nayo! Mtu aliyekula kwetu, mlango wetu aliutengeneza yeye, leo ndiye anatuuza! Nilitaka nimkimbilie nilirarue lile gunia, kila mtu amwone. Lakini kabla sauti haijatoka, mama mkwe alinifinya pajani kwa kucha mpaka machozi yakanitoka. Alikuwa ameiona miguu ile kabla yangu. "Funga mdomo," akasema, "utamuua mume wako."

Na mume wangu ndiye alikuwa amefika mbele.

Ta ta, fimbo ikagonga buti.

Mama mkwe akasimama. Homgadi wakamwelekezea bunduki, mimi nikashika nguo yake, akajinasua. Akatembea hatua chache, akasimama mahali ambapo gunia lingemsikia, akasema kwa Kimeru, pole pole, kama mtu anayezungumza na mgeni wake jikoni.

"Wewe uliye humo ndani, jina lako silitaki. Mimi ni mama wa ukoo huu, na ukoo huu una gichiaro na watu wa Tharaka. Kama wewe ni wa gichiaro chetu, unajua mwenyewe. Siombi uniokolee mtu. Naomba umtazame huyu mtoto, useme ulichokiona kwa macho yako wewe. Basi."

Nyinyi vijana gichiaro mnakisikia kwenye harusi tu, mnakifanyia mzaha. Wakati wetu kilikuwa undugu wa ukoo na ukoo, uliolishwa kiapo na mababu ambao hatukuwaona. Mtu wa gichiaro chako humdhuru, humdanganyi, na akikuomba kitu humnyimi. Ukivunja, balaa inaingia kwenye mji wako na inajua njia ya kwa watoto. Nimeona wanaume wenye mikuki wakirudi nyuma kwa sababu ya neno hilo.

Afisa akauliza kwa Kiswahili chake kibovu, "Mama nasema nini?" Filimbi akajibu haraka, "Analia tu, bwana." Alijua maana yake vizuri kabisa, yeye pia ni Mmeru. Midomo yake ilikuwa imekauka. Akagonga fimbo tena, safari hii kwa nguvu, ta ta.

Gunia halikusogea.

Nilikuwa natazama miguu ile. Vidole vilikuwa vinakaza udongo, vinaachia, vinakaza. Babu yako amesimama, shingo wima, jasho linamshuka. Nikasema kimoyomoyo, sasa naachwa mjane. Fimbo ikagonga mara nyingine.

Gunia likatikisa kichwa. Hapana.

Na aliyefuata, hapana. Na aliyefuata huyo, hapana. Fimbo inagonga, gunia linakataa, mpaka mstari ukaisha. Afisa akaikunja meza yake kwa hasira, akamwita Filimbi pembeni, na yule mtu akasukumwa ndani ya lori vile vile na gunia lake. Lori liliposhuka kushika barabara ya Embu, nyuma pale niliona miguu yake inaning'inia. Filimbi naye hakumaliza mwezi, akaja mwingine. Wale waliokwisha kupandishwa lori asubuhi ile, wengine walirudi baada ya miaka, wengine hawakurudi. M'Ruteere hatukumwona tena, wala kaburi.

Nilipomkumbatia mume wangu nikamgeukia mama mkwe, bado nina hasira. Nikamwuliza mbona hakumtaja yule msaliti watu wamjue. Alinikemea, mwanangu, mpaka leo masikio yananiwasha. "Msichana mjinga wewe! Ungelirarua gunia ungepata nini? Ungepata mtu aliyeaibika, asiye na pa kurudi, na angemwinamishia kichwa mumeo na wengine wote. Wamempiga, wakamnyima uso ili asahau yeye ni nani. Mimi nimemkumbusha tu. Kuchagua amechagua mwenyewe, na wewe hujui atakavyolipa leo usiku." Halafu akaketi chini, mama yule mkali, akalia kama mtoto. Tangu siku hiyo, kila lori liliposimama Nkubu alikuwa anatazama kwanza miguu ya wanaoshuka. Alitazama mpaka alipozeeka. Aliponiachia nyumba hii aliniachia na kazi hiyo, nami bado naifanya, ingawa najua M'Ruteere angekuwa na umri wa kuzikwa mara mbili.

Sasa sikiliza ninachokuambia, na usinijibu kipolisi.

Huko unakokwenda utakuta mkubwa. Kesho atabadilishwa, utaletewa mwingine, kama kwenye hiyo hadithi yako. Mchunguze kila mmoja. Mkubwa mkali usimwogope sana. Mwogope yule anayeogopa kunyang'anywa kiti, kwa sababu siku atakapokosa jina la kutaja, atakutafuta wewe umtajie. Atakugongea fimbo. Huenda isiwe fimbo, itakuwa jicho, itakuwa simu, lakini utaijua. Wakati huo usimtazame yeye. Mtazame mtu aliye mbele yako, useme ulichokiona kwa macho yako mwenyewe, hata kama lori linakungoja wewe. Watu wa kule hamna gichiaro nao, najua. Kifanye kana kwamba kipo. Wana mama zao wamekaa chini upande wanaangalia.

Na hicho kitambaa. Utaniambia ni sheria ya kazi, ni usalama wako, sawa, mimi ni mzee wa shambani sijui. Lakini pale utakapoweza kukivua, kivue, Muthomi. Ukiingia kwenye mji wa watu na macho mawili tu, hata wewe utaanza kusahau ni mtoto wa nani. Naogopa, mwanangu. Siogopi risasi peke yake. Naogopa wasije wakanirudishia mtu nisiyemjua.

Haya, inama hapa nikutemee mate ya baraka kifuani, usikunje uso. Mungu wa mlima huu akutangulie. Atakayekukuta akukute mwema, na utakayemkuta umkute mzima. Mdomo wako usimwage damu ya mtu. Ulale na usingizi ukupate.

Na vua viatu kabla hujaondoka. Usiniulize kwa nini, vivue, niishike miguu yako. Macho yangu yamekwisha, na siku utakayorudi uso wako huenda nisiuone vizuri. Mimi nitakujua kwa miguu, kama nilivyofundishwa. Hao wa kule wakujue kwa uso.