Mtoto Aliyebaki Shuleni

Bweni jipya ni zuri, nisiseme uongo. Madirisha hayana vyuma. Milango inafunguka kwa nje, na ukiisukuma kidogo tu inakubali. Siku tulipoalikwa kuliona, wazazi wengine walipiga makofi. Mimi niliusukuma mlango, nikaurudisha, nikausukuma tena, mpaka mume wangu akanishika mkono. Nilitaka kuuliza kama ilikuwa lazima mtoto wangu aungue kwanza ndipo mlango ujue kufunguka. 

Alikuwa kidato cha pili. Tulimzika nyumbani, Shinyalu, jeneza likiwa limefungwa. Matanga yalipokwisha, mama mkwe aliniita jikoni.

"Mumeleta mwili," akasema. "Mtoto mumemwacha shuleni."

Kwetu, aliyekufa vibaya mbali na nyumbani hafuati jeneza. Watu wake wanaenda pale pale alipofia, wanamwita kwa jina, wanachukua udongo wa mahali hapo na kuuleta kaburini. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Alisema mambo hayo tuliyaacha zamani, mtoto yuko kwa Mungu. Nikamkubalia, kwa sababu nilitamani sana iwe kweli. Lakini jameni, kila mvua iliponyesha nilimwona amesimama kwenye ua wa shule, analowa, hajui aende wapi. Chakula kikanishinda. Mwishowe nikamwambia mume wangu, "Wewe baki na maombi yako. Mimi naenda kumchukua mtoto."

Asubuhi alituitia boda boda, mimi na mama yake, bila kututazama usoni.

Wakati huo ujenzi wa bweni jipya ulikuwa ndio unaanza. Tulikuta tingatinga limeshapita. Kilipokuwa kitanda chake palikuwa na shimo la msingi, jekundu, safi. Msimamizi wa mafundi alivua kofia.

"Mama, ile takataka ya juu tulizoa yote," akasema.

"Takataka ni ya kwako nyumbani!" nikamfokea. "Huyo ni mtoto wangu!"

Maskini, alishtuka kuliko mimi. Akaomba msamaha, akatuambia ule udongo ulipelekwa kujazia barabara bondeni, chini ya soko. Nililia mbele ya mafundi wote. Hakuna aliyeendelea kuchanganya simiti mpaka tulipoondoka.

Tuliijua sehemu yenyewe tulipoiona. Udongo mwekundu ulikatika ukawa mweusi, na spring za godoro zilichungulia kwenye matope. Pikipiki zilipita juu yake na magunia ya mahindi. Mama mkwe alichuchumaa kando.

"Mwite."

"Mama, hapa wako wote. Na wenzake walioungua naye wako hapa."

"Ita wako. Wengine wana watu wao."

Alisema kweli. Huwezi kumwita mtoto wa ukoo mwingine, utampeleka wapi? Nikaita jina la binti yangu. Nikaita tena, "Njoo, mama. Twende nyumbani," nikachota udongo nikaufunga kwenye leso. Mwendesha pikipiki mmoja alizima injini akangoja.

Mama mkwe akaniambia tuanze kutembea, na nisigeuke nyuma hata kidogo, mtoto asije akasita. Haki, miguu ilikataa. Wale wengine niliwajua. Walikuja kwangu likizoni, wakamaliza ugali wangu, wakaniita mama. Sasa wamesikia mwenzao akiitwa, na wao je?

Nikainama pale matopeni. "Nyinyi tulieni hapa," nikawaambia. "Mama zenu wako njiani."

Mama zao hawakujua hata barabara hiyo iko wapi.