Amplifaya Isiyotaka Haraka

Kwaya yetu ya Iyula ilinipa hadi Pasaka. Mwenyekiti wa kwaya, mzee aliyejivunia kinanda kipya cha umeme chenye ngoma zake humohumo, alinieleza mbele ya sauti zote nne: "Gitaa lako halisikiki, kijana. Kuku wa nje wanalishinda. Pasaka lisiposikika, utahamia besi, uimbe kwa mdomo."

Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba Pasaka atalisikia yeye pamoja na marehemu babu yake.

Nikaenda Tunduma na baiskeli, gitaa mgongoni. Baiskeli ndiyo ilikuwa mali yangu yote, ukiondoa cheti cha shule ya jioni, ambacho hakuna aliyewahi kutaka kubadilishana nacho. Miaka ile kila mpiga gitaa mkoani aliota zile amplifaya za zamani zilizovuka kutoka Zambia, zilizopigiwa muziki kwenye kumbi za wachimba shaba: sanduku la mbao, zito kama ndama wa Ivuna, na ndani yake taa za kioo za kukuza sauti. Sauti yake ilikuwa nene, ungeweza kuilia ugali.

Niliona moja palepale Tunduma, kwa mfanyabiashara mmoja mwenyeji wa Kigoma, nyuma ya rundo la redio za mitumba.

"Hiyo achana nayo, mdogo wangu," akasema. "Wapiga gitaa wote wa mpakani wameijaribu. Maiti hiyo."

"Nikiifufua?"

Akacheka. "Ukiifufua, niachie hiyo baiskeli, uende na hiyo maiti."

Watu kwenye foleni walisikia. Dukani kwake kitu kilijaribiwa palepale: chomeka, washa, kikilia lipa, kisipolia mpishe mwenzako. Nikachomeka umeme na gitaa langu, nikawasha. Kimya.

"Haya, mpishe mwenzako," akasema.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini, ufufuo?"

Mpagazi mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyeshika redio yake chini ya kwapa, akatikisa kichwa. "Awe, awe, hapana. Hii sisi kwetu tulishaizika, mukwai, bwana."

"Mwacheni," mwingine aliyenifahamu akadakia, "huyu ni msomi wa usiku. Kwake bado hakujakucha."

Wakacheka hadi mbavu zikawauma. Mimi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikakunja nne. Babu yangu alikuwa na redio ya taa za kioo. Akitaka habari, aliiwasha kwanza, ndipo akamwambia bibi abandike maji ya ugali. Msomaji wa habari na ugali walifika pamoja. Vitu vya taa lazima vipate moto kwanza. Lakini Tunduma ile nani alikuwa na subira? Wote walikuwa wakiua kitu kabla hakijaamka.

Nyuma ya sanduku pakaanza wekundu kama wa kaa chini ya jivu. Kisha mngurumo mdogo, kama paka aliyeshiba. Nikapiga nyuzi zote sita.

Ninaapa lori lililokuwa foleni mpakani lilijiwasha lenyewe. Mpagazi aliangusha redio yake. Mwenye duka akakohoa.

"Baiskeli haitoshi."

"Maiti haipandi bei, kaka," nikasema. "Hawa wote wamekusikia."

"Amekushika," watu wakasema.

Akaitazama baiskeli, akaitazama amplifaya, mwisho akacheka. "Neno ni neno. Ichukue kabla sijabadili dini."

Nikarudi Iyula kwenye lori, juu ya magunia ya mahindi, nimeikumbatia kama bibi harusi.

Siku ya Pasaka niliiwasha mahubiri yakiwa katikati. Ikaanza kunguruma. Mwenyekiti, mbele yangu na kinanda chake, akageuza shingo.

"Zima hilo dude."

"Nikizima, mzee, wimbo utaisha kabla halijaamka."

"Zima, nimesema."

Sikubishana. Nilihamia juu ya sanduku, nikakaa, swichi ikiwa chini ya paja langu. Mtu angenihamisha kwa winchi tu. Mchungaji aliendelea, amplifaya ikaendelea, na wote wawili walipofika amina, kwaya ikasimama.

Nikapiga.

Kinanda cha mwenyekiti kilikuwa kinalia, nadhani. Vidole vyake vilionekana vikitembea. Nje, kuku walinyamaza. Alinigeukia, uso umemvimba, akalazimika kupaza sauti ili nimsikie:

"Punguza, kijana!"

Sikupunguza.