Shingo ya Mahamudi

Mahamudi wa duka la vyuma, pale soko la Mulongwe mjini Uvira, alikuwa mtu wa karate. Mji mzima ulijua hivyo, maana yeye mwenyewe alihakikisha unajua. Kila Jumamosi baada ya alasiri alifunga duka, akatupia kimono, yale mavazi meupe ya karate, begani bila kuitia mfukoni, akapita njia ndefu ya katikati ya soko akiitikia salamu huku na huku. Mkanda wake wa kahawia aliuacha uning'inie mbele, pale ambapo hata asiyetaka kuuona angeuona. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini kasoro, mrefu, mwenye tumbo lililokwisha kuanza kudai haki zake, akienda kupiga mateke hewani pamoja na watoto wa watu. Mbele yake hakuna aliyecheka. Nyuma yake ni habari nyingine.

Klabu yao ilifanya mazoezi ndani ya depo, ghala la mpunga. Zamani walikuwa na ukumbi mzuri wa sementi karibu na ufuo, mpaka ziwa lilipopanda likaingia bila kubisha hodi, na likakaa. Ndipo mwalimu wao, Ngendakumana, waliyemwita Maître, akawafungulia depo yake. Huyo alikuwa mkulima kutoka Kiringye, kule bondeni Ruzizi, mtu mfupi mwembamba, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili. Karate alijifunza Bujumbura alipokuwa kijana, na mpunga alijifunza kwa mama yake. Juma zima alipima mpunga humo ndani. Jumamosi alisukuma magunia ukutani na kutandika chini mengine yaliyojazwa makapi, ili watu wawe na pa kuangukia. Makapi ya mpunga hayana adabu. Ukiangukia hapo Jumamosi, unajikuna mpaka Jumatatu.

Ukutani palikuwa na picha ya mzee mmoja wa Kijapani, mwanzilishi wa mtindo wao. Au ndivyo walivyoambiwa. Ukungu ulikuwa umemla kidevu, na wapo waliodai kwamba alikatwa kwenye kalenda ya dawa ya tumbo. Vyovyote iwavyo, kila mazoezi yalianza kwa wanafunzi kujipanga mstari na kuinama, kwanza kwa yule mzee asiye na kidevu, kisha kwa mwalimu.

Mahamudi hakuinama. Sababu yake ilikuwa nzito na ya kuheshimika: Mwislamu hainamii picha. Lakini hiyo sababu hakumwambia mwalimu hata siku moja. Badala yake, alichelewa. Alisimama nje, nyuma ya mashine ya kukobolea, akasikiliza mpaka salamu ipite, ndipo akaingia akihema kama mtu aliyetoka mbio. Adhabu ya kuchelewa ilikuwa pompe hamsini, yaani kulala kifudifudi na kujisukuma kwa mikono mpaka uone nyota. Mahamudi akazipiga. Jumamosi iliyofuata akachelewa tena, akazipiga tena. Alifanya hivyo zaidi ya miaka kumi, na kifua chake kikawa kipana kuliko mlango wa duka lake.

Salamu nyingine nazo alizipatia dawa. Wawili wakitaka kupigana, desturi ni kuinamiana kwanza; wakati huohuo mkanda wa Mahamudi ulilegea, akageuka pembeni kuufunga. Hakuna mkanda uliowahi kulegea kwa ratiba namna ile. Na mwisho wa mazoezi, kabla ya salamu ya kuagana, magharibi ilimwita akaondoka mbio msikitini. Siku hiyo moja ya juma alikuwa wa kwanza kufika.

Nyumbani, mkewe Dalila alimwangalia akijipaka dawa ya misuli, akatikisa kichwa.

"Baba Abdoul, hii mambo ya kuinama, ulishaka muuliza sheikh?"

"Nitamuuliza."

"Ulimuuliza juu ya kupiga meno na dentifrice mu Ramadhani. Ulimuuliza kama muntu anaweza kuuzisha kufuli siku ya Ijumaa. Hii moja tu njo unasahauka kila siku?"

Mahamudi akajifanya dawa imemwingia jichoni. Ukweli ni kwamba hakusahau. Aliogopa. Aliogopa sheikh atamwambia kuna njia, kwamba weka mkono kifuani, tikisa kichwa kidogo, ni salamu tu, si ibada. Angebaki na nini hapo?

Maana kulikuwa na jambo jingine chini ya lile la dini, nalo halikuwa na heshima yoyote. Mababu wa Mahamudi walifika Uvira enzi za biashara ya ziwa, na misafara, kwa ajili ya pembe za ndovu. Pembe ndizo zinazotajwa nyumbani kwao. Mizigo mingine ya misafara haitajwi. Tangu hapo watu wa ukoo wake walikaa ndani ya duka, na wakulima wa bondeni wakasimama nje, upande wa pili wa meza, wakiomba jembe. Baba yake aliwasalimu kwa ncha za vidole. Babu yake, sijui kama aliwasalimu. Sasa Mahamudi ainame mbele ya mtu wa mpunga kutoka Kiringye, amwite mkubwa wake? Afadhali pompe.

Kwa wenzake wa sokoni hakuwa hivyo. Wanaume wanaopatana huku kwetu wanasalimiana kwa kichwa: mnashikana mkono, mnagonganisha paji la uso taratibu, huku, huku, na katikati. Mahamudi alikuwa bingwa wa salamu hiyo. Alimgongea muuza simu, alimgongea mchinjaji, hata wakala wa kodi alimgongea, na huyo hapendwi na mtu. Ngendakumana, aliyemfundisha kila alichokijua cha karate, alipewa vidole vitatu.

Basi Mahamudi akabaki na mkanda wa kahawia miaka nenda miaka rudi. Wa kwenda mtihani wa mweusi anachaguliwa na mwalimu, na mwalimu gani amchague mtu asiyewahi kufika kwa wakati? Délice, fundi cherehani wa Kavimvira, alimkuta Mahamudi na mkanda huo siku alipoanza, naye akiwa bado anachanganya kushoto na kulia. Sasa Délice alikuwa na mweusi, na yeye ndiye aliyehesabu pompe za Mahamudi, kwa sauti, bila huruma. Hilo lilimuuma. Tena goti la kulia lilianza kulia kweli kila akikunja mguu, na daktari akamwambia asitegemee kulitumia hivyo muda mrefu. Mahamudi aliutaka ule mkanda mweusi kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote ambacho hakiuzwi.

Mwaka huo Ngendakumana alimwita kando.

"Mahamudi, maître Eugène anatoka Bukavu kuja kufanyisha examen. Jina yako nimeweka. Lakini huyu hanaka michezo. Ule atakosa ku salamu, hataingia."

"Nitafika, Maître."

"Ufike mbele ya salamu. Si nyuma ya mashine."

Mahamudi akahisi masikio yanawaka. Kumbe mzee alijua anapojificha! Alirudi nyumbani, hakula vizuri, na kwa sheikh hakwenda.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumapili baada ya misa. Soko zima lilikuja. Muuza simu alikuwepo, mchinjaji alikuwepo, wamekaa juu ya magunia kama watu waliolipa kiingilio, na Dalila mbele yao na mwavuli wake. Mahamudi alifika mapema, kimono imepigwa pasi. Maître Eugène, mtu mnene mwenye miwani na sauti ya ofisi, akasimama chini ya picha. Wanafunzi wakajipanga. Délice akatoa amri, na mstari mzima ukainama.

Mmoja akabaki wima, kama nguzo ya umeme iliyosahauliwa na mafundi.

"Huyu papa iko na mugongo ya chuma?" akauliza Eugène.

"Maître, minye niko Mwislamu," akasema Mahamudi, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyopanga. "Siinamiaka picha."

Minong'ono ikapita juu ya magunia. Ngendakumana akapanda juu ya gunia, akamshusha mzee wa ukutani, akampeleka nyuma ya mizani na kumgeuza uso ukutani.

"Picha imetoka," akasema. "Iko nini tena?"

"Hata muntu, siinamiaka. Muntu yote."

"Ni sawa." Ngendakumana akamgeukia mgeni. "Maître Eugène, kuinama ni salamu ya kwabo, kule Japon. Siye huku tunasalimianaka kwa kichwa. Huyu anisalimie kwa kichwa, weye uhesabu kama ametoa salamu."

Eugène alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Salut ni salut," akasema. "Lakini afanye haraka, niko na njia ndefu."

Ngendakumana akaja akasimama mbele ya mwanafunzi wake, mikono chini, akingoja. Mahamudi akanyoosha mkono. Aliunyoosha kwa mazoea, vidole vitatu mbele, kama vile mzee amekuja kununua misumari. Ngendakumana akavitazama vile vidole. Hakuvishika.

Makapi ya mpunga yakasikika yakichakacha chini ya nyayo. Mahamudi alitafuta aya, alitafuta hadithi, alitafuta chochote cha kumzuia, na hakukuwa na kitu. Dini ilikuwa imesogea pembeni kwa adabu na kumwachia nafasi, na pale katikati kulibaki yeye, na baba yake, na babu yake, na ile meza ya duka. Aliona aibu. Si aibu ya kuchekwa, hiyo aliizoea. Ilikuwa aibu ya mtu anayejiona mwenyewe kwa mara ya kwanza na kukuta si mzuri sana.

"Baba Abdoul!" Dalila aliita kutoka juu ya magunia. "Dini inakataza na kichwa?"

Watu wakaangua kicheko. Mchinjaji akajishika mbavu.

"Haikataze," akasema Mahamudi.

Akasogea. Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo angeligundua zamani kama angewahi kumsogelea yule mtu: Ngendakumana alimfika kifuani. Ili paji la uso lifike kwenye paji la uso, mmoja ilimpasa ashuke, na mzee hakuonyesha dalili yoyote ya kusimama kwa ncha za vidole vya miguu. Mahamudi akaanza kushuka. Akashuka kupita pale mstari uliposhuka, akashuka zaidi, goti likalia, tumbo likagoma, akashuka tu. Alimwinamia mtu yule chini kuliko karate ilivyowahi kumwomba. Akagonga kulia. Akagonga kushoto. Katikati akabaki, hakuinuka mara moja.

"Haikukuwaka dini, Maître," akamnong'oneza.

"Ninajua," akasema Ngendakumana. "Rudia fasi yako, bantu banangoja."

Ningependa kusema kwamba alipata mkanda mweusi. Hakuupata. Kata zake, ile mipangilio ya mapigo ambayo mtu huonyesha peke yake, zilipita vizuri, hata Eugène akatikisa kichwa kwa kukubali; kisha wakamweka na Délice, ambaye alimwinamia kwa heshima zote, akangoja Mahamudi naye aweke mkono kifuani, halafu akamfagia mguu mbovu. Mahamudi aliangukia makapi kwa kishindo. Aliinuka, akaanguka tena. Eugène akaandika, akafunga kalamu, akasema bado, labda mwaka ujao kama barabara itaruhusu na goti litaruhusu. Njiani Dalila alimshikia kimono, na kwa mara ya kwanza Mahamudi hakupita katikati ya soko.

Jumatatu asubuhi duka lilijaa. Kila mtu alikuwa na haja ya msumari mmoja. Muuza simu alitaka kujua teke lile linaitwaje, mchinjaji alitaka kuonyeshwa tena jinsi mtu anavyoanguka, na Mahamudi alikuwa nyuma ya meza akijikuna na kujibu kwa mkato. Hapo kwenye kichochoro cha mbele ya duka akatokea Ngendakumana, kofia mkononi, amekuja kununua jembe kama alivyonunua miaka yote. Akasimama nje, upande wa pili wa meza, nyuma ya wengine.

Hakukuwa na Eugène hapo, wala mtihani, wala mkanda wa kupata. Mahamudi angeweza kumtolea vidole vitatu na kumpa jembe lake, na hakuna ambaye angeona ajabu. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kutanguliza mkono kwa vidole hivyo.

Mahamudi akainua ubao wa meza, akatoka. Ubao ule baba yake aliuinua kwa ajili ya kodi, wageni wa harusi na maiti tu. Alipita kati ya wateja huku akichechemea, akafika nje juani, na mbele ya soko zima akashuka, na goti lake likalia mpaka mchinjaji akalisikia. Kulia. Kushoto. Katikati.

"Karibu ndani, Maître," akasema.

Ngendakumana akaingia, akachagua jembe, akalipima uzito kwa mkono, akauliza bei. Mahamudi akamtajia ileile anayowatajia watu wote, na mzee akaanza kubishana naye.