Ndege wa Yustina

Yohana Komba, mtu wa Songea, alikuwa karani wa ghala bandarini Mtwara. Alipanga vyumba viwili Chikongola na mkewe Yustina, aliyefundisha kisomo cha watu wazima kijijini Mahurunga. Jumatatu huenda, Ijumaa hurudi. Miaka ile ya sabini karata ziliadimika madukani, na zile walizochezea arbastini Yohana na wenzake zilichakaa hata karata ya ree ikajulikana kwa mgongo tu.

Yustina akakata majalada ya mafaili yaliyotupwa, akamtengenezea mumewe karata mpya. Mahali pa wazungu, zile karata zenye picha za watu, akachora ndege aliowaona huko kando ya mto Ruvuma: mdiria akawa mzungu wa pili, korongo wa tatu, furukombe wa nne. Rangi zilikuwa wino, masizi na manjano ya jikoni. Furukombe alitoka na jicho kali, kama anakufokea.

Jumapili moja alipita ndugu Mikaeli, afisa utamaduni. Alipoziona akafurahi, akasema wazungu watoke hata kwenye karata, kisha akauliza nani kachora.

"Ni mimi, ndugu," Yohana alisema.

Hakuwa amekusudia. Yustina alikuwa amesimama palepale, birika la chai mkononi, na Yohana alimwona. Akaendelea kueleza alivyotafuta rangi. Mkewe akamimina chai.

Mikaeli akazichukua kwa ajili ya maonyesho ya Sabasaba. Wiki zile zote Yohana alingoja kugombezwa. Hakugombezwa, na usingizi ulimpotea.

Siku ya Sabasaba walikwenda pamoja. Karata zilibandikwa ubaoni, na chini yake pameandikwa jina. Mbele yake walisimama wanafunzi wa Yustina, waliokuja na lori la kijiji. Mwajuma, mama mtu mzima aliyejua kusoma mwaka uleule, aliweka kidole chini ya herufi akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi: mchoraji, Yohana Komba. Alipomaliza alitabasamu, kisha akakunja uso.

"Mwalimu, hapa wamekosea. Si wewe uliyekuwa ukichora hawa pale mtoni?"

Yustina alimtazama mumewe. Wenzake wa bandarini nao walikuwapo. Yohana alisogea mbele ya ubao.

"Hawakukosea," alisema. "Nilidanganya mimi."

Mikaeli, aliyesimama kando ya ubao, alichomoa kalamu, akakata jina, akaandika la Yustina juu yake. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wacheza karata aliinama akawa anafunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa tayari.

Nyumbani Yohana aliomba radhi.

"Jina limeshafutwa," Yustina alisema. "Ila uliniona, Yohana. Uliniona nimesimama, ukaendelea."

Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na Yustina hakuacha kuchora. Yohana aliacha kwenda kwenye arbastini. Mgeni akiingia na kusifu picha zilizo ukutani, yeye hunyanyuka kabla hajaulizwa nani kachora, akachukua ndoo, akaenda bombani.