Msomaji wa Madungu

Mama mkwe wangu, Perpetua Matano, alijifunza kusoma akiwa tayari na watoto watatu, na tangu hapo yeye ndiye msomaji wa masomo katika kanisa letu dogo la Madungu. Miaka ishirini na sita. Baba yake alivuka kutoka bara kuja kuchuma karafuu, asirudi tena. Yeye kazaliwa hapa hapa Pemba, na kwa maneno huwezi kumtofautisha na jirani yetu Bi Zuweina, aliyeanza kusomesha watoto Kurani kabla mimi sijazaliwa. Mimi ni wa kuja. Festo alinioa Morogoro, akanileta Tibirinzi, nikakabidhiwa mkeka na mama mkwe mwenye ulimi.

Msimu uliopita, kila alasiri tulikaa barazani kuchambua karafuu. Zikipata joto, harufu yake humlewesha mtu asiyekunywa. Nyuma ya ukuta watoto wa Bi Zuweina walirudia aya zao, sauti zikija na kwenda, nami nikielea baina ya usingizi na macho. Hapo ndipo mama aliponiambia nimsomee somo la Jumapili. Namaliza, ananiambia tena. Na tena. Nilidhani ananipima, maana alishasema watu wa bara tunasoma kama tunaokimbizwa na nyuki. Nilimsomea huku nimenuna. Vidole vyake vilitenga karafuu na makonyo, vijiti vyake, bila kukosea hata punje, basi nani angeshuku?

Siri, niliyokuja kuijua baadaye, alikuwa nayo Bi Zuweina peke yake. Daktari alikuwa amemwambia mama kwamba ni presha ya macho, na nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Giza lenyewe hakuliogopa sana, nyumba yake anaijua kwa miguu. Aliogopa kunyang'anywa usomaji. Bi Zuweina hakupoteza muda kumpa pole. Alimfunza kuhifadhi, kama anavyowafunza watoto wake.

"Usende ya pili, shoga yangu," alimwambia, "mpaka ya mwanzo ije yenyewe."

Aya zikamjia zenyewe kwa miezi saba. Alisimama mbele, kitabu wazi, kidole kikishuka taratibu, na maneno yakatoka laini hata nikasahau nimekaa kwenye benchi. Nilijiona natembea mahali penye maji na majani, sijui ni wapi. Nilimwonea wivu mno.

Halafu ikaja Jumapili ya wageni kutoka Unguja. Mchungaji akabadilisha somo, akaliandika ubaoni kwa chaki kama ilivyo desturi. Mama akasimama, akasoma somo la zamani, zuri, bila kukwama popote, huku watu wakipekua kurasa na kutazamana. Mchungaji akamsogelea, akamnong'oneza kwamba somo liko ubaoni. Mama akageukia ukuta wa kushoto. Ubao tuliuhamishia kulia tangu Pasaka.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Jioni yake mchungaji alikuja nyumbani, akakaa na mama kwa heshima zote, kisha akaniomba mimi nishike usomaji. Nilifurahi, sifichi. Nikaona haya kufurahi, lakini nilifurahi. Mama alisema tu, "Kheri, baba," akaingia ndani.

Wiki nzima hakuniambia nimsomee. Nilijizoeza mwenyewe barazani, kwa sauti, jioni baada ya jioni, naye akachambua karafuu zake kimya. Nilipokosea, hakunisahihisha. Nilitamani anitukane hata kidogo, nijue bado tuko pamoja. Festo aliniambia nimwache, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jumapili nilimshika mkono mpaka benchi la mbele, nikamketisha. Nikapanda, nikafungua kitabu, nikaanza. Lilikuwa somo refu la watu walio safarini jangwani. Katika sentensi ya tatu nikasikia chini ya sauti yangu sauti nyingine, ndogo, imenitangulia neno moja. Nikatazama. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inakwenda, mwili ukiyumba polepole kama watoto wa Bi Zuweina wakiwa chuoni wakihifadhi aya. Alikuwa amelichukua somo zima kutoka kinywani mwangu, jioni baada ya jioni, na mimi nikidhani amenisusa.

Nikapunguza sauti. Yeye akaendelea. Nikapunguza tena, mpaka nikanyamaza kabisa, na mchungaji hakuinuka. Maneno yalikuja yenyewe, moja nyuma ya jingine, mpaka mwisho wa somo. Mama hakujua kwamba nimenyamaza, wala kwamba kanisa zima linamsikiliza yeye.